Mkono wa Kushikia Katani

Jumatatu, 3 Februari

Vibandiko juu ya mkono tena, kati ya kiwiko na kiganja. Jeli ya baridi. Waya. Kanini akageuza skrini ili nione, akaniambia nifungue vidole. Havikufunguka. Kwenye skrini mstari ulipanda kidogo, kama mtu anayeinua shuka kuchungulia nje, halafu ukalala.

Mama alikuwa kwenye benchi karibu na dirisha, akisokota katani pajani. Mstari ulipopanda aliacha kusokota. Ulipolala, akaendelea.

Kanini ni daktari wa mazoezi hapa hospitalini Kibwezi. Tuko rika moja na hilo linanitia aibu. Anarudia kila mara kwamba mashine haitibu chochote. Inasikiliza misuli tu, kisha inanionyesha kwa mstari na kwa mlio kile misuli inachofanya, ili nami nijifunze kuiamuru upya. Misuli yangu haisemi mengi. Inanong'ona.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zinaegemeana kama walevi. Kazini nilisifiwa kwa mwandiko.

Naogopa. Niliandika hivyo jana pia. Bado ni kweli.

Jumatano, 5 Februari

Leo hakuna hospitali. Nimeketi mlangoni pa chumba changu cha kupanga, miguu juani, kichwa kivulini. Treni imepita mbali, kama mtu anayeburuta kiti kwenye sakafu ndefu isiyoisha.

Watu hudhani kupooza ni kulegea. Nami nilidhani hivyo. Novemba, nikiwa kati ya rafu za masjala, nilinyoosha mkono kuvuta faili na mkono haukwenda. Nikaanguka. Upande wote wa kulia ukazimika, kama nyumba iliyopoteza umeme vyumba vya upande mmoja. Mshipa kichwani, walisema. Presha ambayo sikujua ninayo. Katika umri wangu.

Ulimi ulirudi kwanza. Mguu ukarudi kufikia Krismasi, ingawa nauburuta. Mkono ulirudi vibaya. Ulirudi ukiwa umefumbwa. Unashika na hauachi. Nikipewa kikombe, ni lazima mtu aje anitoe kikombe mkononi.

Karani wa masjala hawezi kuwa hivyo. Mkono mmoja hushikilia faili, mwingine hutoa karatasi na kuiachia. Kazi yote ni kuachia. Mkuu wangu alikuja jana na ndizi. Aliongea kwa upole sana, na upole huo ndio ulionitisha. Kuna msichana amekaa kwenye dawati langu kwa muda. Mwezi wa nne wataangalia kama naweza kurudi. Kama siwezi, nafasi itajazwa. Alisema nisiharakishe.

Mama alitoka Ikutha siku niliyolazwa, hajarudi. Mbuzi wako kwa shangazi. Ndengu zake zilivunwa na watu wengine. Halalamiki. Amepata hata matumizi ya ngumi yangu: anaingiza fungu la katani ndani yake na kuchomoa nyuzi moja moja anaposokota uzi wa kyondo, kikapu chetu cha kusuka. Anasema hajawahi kuwa na kigingi kizuri hivi.

Nilicheka. Kisha nikaenda kulala.

Jumamosi, 8 Februari

Nimeota mto Tiva umekauka. Nilikuwa mdogo, nachimba kisima mchangani pamoja na Mama, kama tulivyofanya kila kiangazi. Ila nilichimba kwa mkono wa kushoto, na tulichokuwa tukitafuta ni ule wa kulia. Mama alisema uko chini kidogo tu, umelala. Nikachakura kwa pupa. Mchanga ukaporomoka na kujaza shimo, kama unavyofanya siku zote ukiharakishwa. Punda walisimama ukingoni na mitungi yao mitupu. Walitutazama bila hasira.

Niliamka bila hofu. Ilichukua muda kukumbuka kwamba naogopa.

Jumatatu, 10 Februari

Kanini amehamisha vibandiko. Sasa viko upande wa chini wa mkono, juu ya misuli inayokunja ngumi. Anasema tulikuwa tunahimiza misuli ya kufungua wakati ile ya kufunga inapiga kelele na kuifunika sauti. Kwanza hii inyamaze.

Kwa hiyo kila kitu kimegeuka. Mstari ukipanda, vibaya. Mashine ikilia, vibaya. Natakiwa kuushusha mstari mpaka chumba kiwe kimya.

Nilidhani ni rahisi. Kutofanya kitu. Kadiri nilivyojitahidi kutojitahidi ndivyo mlio ulivyozidi. Nilikuwa nimebana meno na sikujua. Kanini akacheka.

"Kyalo, unajaribu kulala kwa nguvu."

Mama hakuwepo. Alikuwa kwenye foleni ya dawa zangu za presha. Aliporudi waya zilikuwa zimekunjwa. Akauliza kama mstari ulipanda leo. Nikasema ulipanda sana. Uso wake ukang'aa. Sikueleza. Nilikuwa nimechoka na yeye alikuwa amefurahi.

Jumatano, 12 Februari

Ulishuka kidogo. Kisha nikaona umeshuka, nikafurahi, ukapanda.

Mama hakuja. Alikuwa sokoni kutafuta rangi ya zambarau ya kyondo.

Ijumaa, 14 Februari

Siku mbaya. Niandike kwa utaratibu.

Kanini aliitwa wodini. Aliniachia mashine ikiwa imewashwa, akasema niendelee mwenyewe, polepole. Nilikuwa nimefumba macho. Mstari ulikuwa chini kiasi. Nilijisikia kama mtu aliyelala kwenye maji ya uvuguvugu.

Mlango ukafunguka na Bwana asifiwe. Akina mama wa maombi wa kanisa letu. Mbele alikuwa Mama Ndinda, anayeuza nyanya sokoni na ambaye sauti yake haihitaji kipaza sauti. Mama yangu alikuwa katikati yao, amevaa leso mpya. Alikuwa amewaita. Akawaonyesha skrini kama mtu anayeonyesha shamba lake.

"Huo mstari ndio mkono wake. Ukipanda, mkono unarudi."

Walinizunguka. Wakaniwekea mikono mabegani, kichwani, juu ya ngumi yenyewe. Maombi yakaanza. Mimi mtu akinigusa ghafla hukakamaa mwili mzima. Ngumi ikakaza. Mstari ukapanda, mashine ikalia.

Wakasikia. Wakaongeza sauti. Mashine ikaongeza yake. Kila walipopaza, ilijibu. Nilitazama mstari ukifika juu kabisa ya skrini na kukaa pale, na nilitazama uso wa Mama. Ningeweza kusema. Neno moja tu, ushuke. Lilikuwa mdomoni. Sikuliachia.

Mama Ndinda alilia machozi. Mama alipiga magoti kwenye sakafu ya hospitali.

Kanini akaingia. Alitazama skrini, akatazama ngumi yangu, kisha akanitazama mimi. Alizima mashine. Ukimya ulipoingia wote wakasema Amina.

Walipoondoka alinifungua vidole kimoja kimoja. Kucha zilikuwa zimeacha alama ndogo za mwezi mwandamo kiganjani.

Jumapili, 16 Februari

Mchungaji ametangaza. Jumapili ijayo ndugu yetu Kyalo atatoa ushuhuda wa mkono wake. Watu walipiga makofi. Mtu nyuma yangu akanigonga begani, nami nikakunja ngumi.

Mama aliimba njia nzima kurudi nyumbani. Hajaimba tangu Novemba. Sauti yake imekuwa nyembamba. Nilitembea nyuma yake nikiburuta mguu kwenye vumbi jekundu, nikisikiliza. Nilitamani njia iwe ndefu. Nilitamani tusifike kamwe, yeye akiimba tu na mimi nyuma, na Jumapili ijayo isijue tuliko.

Nachukia jinsi nilivyo mwoga.

Jumanne, 18 Februari

Nilimweleza Kanini. Alicheka mpaka akakaa kwenye kitanda cha mazoezi. Kisha akaniona sicheki, akaacha.

Ana habari nyingine. Mashine ni ya kuzunguka hospitali kwa hospitali. Mwisho wa mwezi huu inapelekwa Mwingi, na huko kuna watu wanaoingoja kama mimi nilivyoingoja. Hajui itarudi lini. Aliomba iongezewe muda, wakakataa.

Nikauliza kama mkono utakuwa umefunguka kufikia hapo. Akasema hawezi kuahidi. Napenda kwamba hasemi uongo. Ningependa aseme uongo.

Akaniambia nimwambie Mama kabla ya Jumapili. Nilirudi nyumbani nikiwa nimepanga maneno. Mama alikuwa amepika muthokoi wa mahindi na maharagwe na kuniwekea kijiko upande wa kulia wa sahani. Wa kulia. Nilikichukua kwa kushoto na kusema ni tamu.

Ijumaa, 21 Februari

Mlio haushuki. Ninapofumba macho naona kanisa zima.

Jumapili, 23 Februari

Nimesimama. Nimesema. Herufi leo ni mbaya kuliko kawaida.

Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu na mazuri kuhusu ubongo na misuli. Mbele ya watu yote yalipotea, kama lugha ilivyopotea Novemba. Nilishika ukingo wa meza kwa mkono mzuri. Nikasema mstari ule ulitakiwa kushuka.

Hakuna aliyeelewa. Nikaeleza tena. Mkono wangu hauko mlegevu, umefungwa. Ule mlio waliousikia ni ngumi ikikaza. Siku ile mkono haukupona. Ulikaza kuliko siku zote. Nikaiinua ngumi waione.

Mchungaji aliitazama Biblia yake kana kwamba ndani yake kuna mahali pameandikwa la kufanya. Sikuthubutu kumtazama Mama.

Mama Ndinda akasimama pale alipokuwa.

"Ngoja. Siku ile tuliomba mstari upande?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ulipanda?"

"Ulipanda."

"Basi tulisikiwa. Ni sisi tuliagiza vibaya."

Kanisa likaangua kicheko. Mchungaji pia, mpaka akavua miwani. Mama Ndinda hakucheka. Alikuwa anauliza kwa dhati. Akasema Jumatano watakuja tena na wataomba ushuke, na kwa sababu kelele ndizo zinazoukasirisha, wataomba kwa kunong'ona.

Mama alitangulia kwenda nyumbani. Hakuimba. Nilimkuta ameweka maji ya chai kwenye jiko. Alisema jambo moja tu, akiwa amenipa mgongo.

"Mimi ungeniambia."

Nikasema ndiyo. Alimimina chai. Alinipa kikombe kwenye mkono wa kushoto.

Jumatano, 26 Februari

Walikuja. Kanini aliwaruhusu, nadhani alitaka kuona. Walivua viatu mlangoni, jambo ambalo hakuna aliyewaambia wafanye. Wakakaa kando ya ukuta, hakuna aliyenigusa. Wakaanza kunong'ona. Ilikuwa kama upepo kwenye mahindi yaliyokauka. Mama Ndinda alikuwa amebana midomo kama mtu anayezuia kikohozi, na shingo yake ilivimba kwa kazi ya kuwa mpole.

Mstari ulishuka kidogo. Nadhani ni kwa sababu nilitaka kucheka.

Baadaye wakachoka. Mnong'ono ukapungua, mmoja akaanza kusinzia. Mama akachomoa kazi yake kutoka kwenye kyondo na kuanza kusokota. Joto lilikuwa limeingia chumbani na kukaa nasi. Nilisahau kidogo nilipo. Nilipotazama, mstari ulikuwa unashuka wenyewe, polepole, kama jua la jioni, na mlio ukawa mwembamba, ukawa uzi, ukaisha.

Kanini akainua kidole. Tusubiri. Sijawahi kusikia mkono wangu ukiwa kimya.

"Amina," akasema Mama Ndinda kwa sauti yake yote, na mstari ukaruka kama mbuzi.

Tulicheka sote. Hata Mama.

Lakini vidole havikufunguka. Kanini anasema misuli ikishajifunza kunyamaza, kufunguka huja baadaye. Nikauliza, huja au huweza kuja. Akafikiri. Huweza kuja.

Ijumaa, 28 Februari

Siku ya mwisho ya mashine. Mama alivaa nguo ya kanisani kuiaga. Aliacha katani nyumbani kwa heshima. Alikaa kwenye benchi na mikono miwili mapajani, akitazama skrini kama anavyotazama mgonjwa.

Nilitaka sana. Labda hiyo ndiyo shida. Mstari ulikataa. Ulishuka nusu ukabaki hapo ukitetemeka, na mlio ukaendelea kama mbu. Nilijaribu kupumua. Nilijaribu kufikiria maji. Nilifikiria dawati langu na msichana aliyekalia kiti changu, na mlio ukapaa.

Kanini akachomoa vibandiko. Viliacha alama za mviringo kwenye ngozi. Alikunja waya kwa uangalifu na kuziweka kwenye mkoba mweusi. Akaniambia niendelee nyumbani, nijifanye nasikia mlio, niushushe. Kila siku. Akamwambia Mama aendelee kuninyoosha vidole kwa maji ya moto. Akanipa mkono. Nilimpa wa kushoto. Akaukataa, akachukua ngumi, akaishika yote ndani ya kiganja chake kama mtu anayeshika yai.

Nilifika nyumbani kabla ya kulia. Hilo nalo ni kitu.

Jumatatu, 3 Machi

Hakuna mashine. Hakuna mstari. Nimekaa na mkono tu.

Nimejaribu kujifanya nasikia mlio. Nasikia malori ya barabara ya Mombasa.

Mkuu alipiga simu. Aliniuliza naendeleaje. Nikasema sijui. Ni mara ya kwanza kumjibu hivyo. Akasema sawa, tutaonana mwezi wa nne.

Nadhani hautafunguka. Niandike hivyo wazi, nione kama naweza kuisoma sentensi hiyo. Naweza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeota ule mstari umelala ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui, mrefu, wa bluu. Nilingoja upande au ushuke. Halafu nikaona ni vilima tu. Vilikuwa vilima tangu mwanzo. Punda walikuwepo pia, sijui kwa nini. Mitungi yao ilikuwa na maji.

Sikumwambia mtu. Nilikunywa uji.

Jumamosi, 8 Machi

Mawingu tangu asubuhi. Hayajanyesha. Upepo unanukia mvua ya watu wengine.

Mama alitoa kigoda nje baada ya chakula cha mchana. Akaniingizia fungu la katani ngumini kama kawaida, akapandisha leso, akaanza. Nyuzi mbili chini ya kiganja, kiganja pajani, mbele, nyuma. Shii. Shii. Kyondo hiki kina duara za zambarau. Ni cha Mama Ndinda, alikiagiza mwenyewe na akasema safari hii ameagiza vizuri.

Niliegemea ukuta. Ukuta ulikuwa na joto. Sikuwa nimelala na sikuwa macho. Kuku wa jirani walikuwa wanaongea mambo yao. Sikuwa nafikiria mlio wala mwezi wa nne. Nilikuwa nafikiria punda, na kama kweli wana hasira kidogo au hawana kabisa. Shii. Shii. Nilihisi Mama akichomoa uzi, na mwingine, na mwingine.

"Shika vizuri, Kyalo. Unaniangushia."

Nikasema samahani. Akainama, akaokota fungu, akalipangusa vumbi, akalirudisha ngumini. Akaendelea. Nikafumba macho tena.

Likaanguka tena.

Sasa hakuokota. Tulilitazama pale chini kwenye vumbi, jeupe, limetawanyika kidogo. Kisha tukautazama mkono. Ulikuwa juu ya goti langu, vidole vimelegea, kiganja kimegeukia mawingu. Kilikuwa kimepauka, kimekunjamana, kama cha mtu aliyetoka majini. Nilikuwa sijakiona hivyo tangu Novemba.

Niliogopa nikisema neno, mkono utasikia. Mama naye alivuta pumzi kama mtu anayetaka kuimba, akaizuia.

Hakuwa na uzi tena. Ulikuwa wote pale chini. Akarudisha kiganja chake pajani, kitupu, akaendelea. Mbele, nyuma. Shii. Shii.